Sura ya Tano: Pumzi ya Mtambaji na Mapigo ya Bendi

Nanga inapopigwa Karagwe au Kyerwa, mwenye muda ni mtu mmoja. Mtambaji amepakata ubao uliochimbwa katikati, uzi mmoja mrefu umepitishwa mara saba au nane kwenye meno ya ncha zake, na kila mpito una sauti yake. Anaimba mstari, vidole vinaujibu, anaendelea. Mstari ukiwa mrefu kwa sababu shujaa ana sifa nyingi, jibu linasubiri. Ukiwa mfupi kwa sababu mkuki umekwisha rushwa, jibu linaingia mara moja. Ndivyo nanga ilivyosikika zamani mbele ya watawala. Wasafiri wa Kizungu Speke na Grant walipofika kwa Mukama Rumanyika mwishoni mwa mwaka 1861 waliikuta huko Karagwe, na wote wawili wakaitaja katika vitabu vyao. Leo swali linaloulizwa na vijana wanaorekodi muziki Kayanga, Omurushaka au Nkwenda ni kama sauti ya namna hii inaweza kuwekwa mbele ya bendi, yenye ngoma za kisasa, besi, gitaa, kinanda na tarumbeta, isipotee. Nasema inaweza, tena inaweza kupata nguvu ambayo haikuwa nayo, lakini kwa sharti ambalo studio nyingi hazilikubali: urefu wa mstari ubaki mikononi mwa mwimbaji, na bendi ndiyo ijifunze kuhesabu upya. Ushahidi ulio bora zaidi wa jambo hili uko mbali na Kagera, katika santuri za Wamarekani weusi, kwa sababu wao walilijaribu jambo hili mara nyingi, kwa namna nyingi, na matokeo yake yamehifadhiwa tuyasikilize.

Bluzi ilikuwa imekwisha kukutana na jazi tangu santuri zake za mwanzo kabisa. Tarehe 10 Agosti 1920 Mamie Smith aliimba "Crazy Blues" akisindikizwa na kundi lake la Jazz Hounds, na mauzo yake yakayafundisha makampuni kwamba watu weusi walikuwa tayari kununua sauti zao wenyewe. Lakini mwalimu wetu hapa ni Bessie Smith, aliyeanza kurekodi na kampuni ya Columbia mwaka 1923. Chukua santuri mbili alizorekodi mwaka 1925, zilizopishana miezi minne tu. Ya kwanza ni "St. Louis Blues", utunzi wa W. C. Handy, iliyorekodiwa New York tarehe 14 Januari. Nyuma ya Bessie wako watu wawili tu: Fred Longshaw kwenye kinanda cha upepo, na Louis Armstrong kwenye koneti. Mwendo ni wa polepole mno. Kinanda kinashikilia sauti ndefu bila kupiga hatua yoyote ya kusukuma, na Armstrong hasemi neno mpaka Bessie amalize lake. Kisha anamjibu kwa kipande kifupi, kila mara kipya, na kunyamaza tena. Santuri ya pili, "Cake Walking Babies", ni ya mwanzoni mwa Mei, alipoimba na kundi lililotoka katika okestra ya Fletcher Henderson, Columbia ikiwa imeanza kutumia maikrofoni. Wapigaji ni hodari, mwendo ni wa kuchezesha, na Bessie hashindwi nao. Sauti yake inapita juu ya tarumbeta zote. Hata hivyo anachokifanya ni kupanda gari linalokwenda tayari. Kwenye santuri ya Januari, hakuna gari mpaka yeye aseme.

Msomaji atasema nalinganisha visivyolingana, kwa kuwa moja ni bluzi ya huzuni na nyingine ni wimbo wa dansi. Ni kweli, na tofauti hiyo ndiyo inayotupa funzo. Bluzi ya kawaida ina vipimo 12 vya mapigo manne manne, vikigawanywa katika sehemu tatu za vipimo vinne. Mwimbaji anaimba mstari, anaurudia, kisha anaufunga kwa mstari wa tatu. Lakini kila mstari unachukua takriban nusu tu ya sehemu yake. Nusu iliyobaki haina maneno. Umbo lenyewe limejengwa na nafasi ndani yake, nafasi ya mtu mwingine kujibu. Kwa hiyo jazi ilipokuja kukaa na bluzi haikulazimika kuvamia. Ilikuta kiti chake. Wimbo wa dansi wa New York hauna kiti cha namna hiyo, maneno yake yanajaza vipimo vyote, na tarumbeta zikitaka kusema lazima ziseme sambamba na mwimbaji. Nanga, katika hili, iko upande wa bluzi. Mstari na jibu la nyuzi ni mwenendo uleule, na yeyote anayetaka kuipigia nanga tarumbeta hana haja ya kuibunia mahali pa kuingilia. Mahali papo, na mtambaji amekuwa akipajaza peke yake kwa vidole.

Kuna jambo la sauti pia. Bessie Smith hakuimba noti zilizokaa sawasawa kwenye vitufe vya piano. Alizitelezesha, hasa ile ya tatu ya ngazi, ikabaki katikati ya mahali pawili ambapo piano ina vitufe. Ndiyo maana wasindikizaji wake waliomfaa sana walikuwa wapiga ala zinazoweza kuteleza naye: Joe Smith wa koneti, na Charlie Green wa tromboni, ambaye katika "Empty Bed Blues" ya mwaka 1928 anakoroma na kuguna nyuma yake kama mtu wa pili chumbani. Mtambaji wa nanga naye anapanga nyuzi zake kulingana na koo lake, na ngazi yake ya sauti tano haina sababu ya kuangukia kwenye noti za kinanda cha umeme. Bendi ikimtaka "apande kwenye ki" ya kinanda, imekwisha kumnyang'anya nusu ya alichonacho kabla mkanda haujaanza kuzunguka. Ni heri kinanda kinyamaze na tromboni iitwe.

Hapa linakuja pingamizi zito zaidi. Mtu anaweza kusema: bluzi, pamoja na nafasi zake zote, ina vipimo 12, bendi inajua mstari utaisha lini hata kabla haujaanza. Nanga haina ahadi hiyo. Mistari ya utambaji hurefuka na kufupika kufuatana na kisa, na watu 10 hawawezi kumfuata mtu asiyejua yeye mwenyewe atavuta pumzi wapi. Lau pingamizi hili lingekuwa kweli moja kwa moja, sura hii ingeishia hapa. Lakini bluzi ya vipimo 12 ni ile iliyokwisha pita jukwaani na kwenye makampuni ya santuri. Bluzi ya vijijini, ya mtu na gitaa lake, haikuhesabu hivyo. John Lee Hooker, mzaliwa wa Mississippi, hakubadili sauti za gitaa kwa sababu vipimo vinne vimetimia, alizibadili alipoona neno limefika. Mara nyingi hakubadili kabisa. Aliporekodi "Boogie Chillen'" huko Detroit mwaka 1948, mtayarishaji hakumtafutia bendi. Alimwacha peke yake na gitaa la umeme, akanasa na mguu wake ukipiga sakafu. Mtambaji wa Karagwe anaposikiliza santuri ile hakuti jambo geni.

Sasa huyohuyo Hooker, mwezi Novemba 1965, aliingia studio na watu wa jazi. Kampuni ilikuwa Impulse, iliyokuwa ikitoa kazi za John Coltrane, na waliokaa nyuma yake ni Milt Hinton wa besi, Panama Francis wa ngoma na Barry Galbraith wa gitaa, wote wakiwa wamekwisha kupiga kwenye okestra na studio kwa miaka mingi; katika wimbo mmoja anaongezeka Dicky Wells wa tromboni, aliyekuwa mtu wa Count Basie. Albamu inaitwa "It Serve You Right to Suffer". Yeyote anayedhani kwamba mwimbaji asiyehesabu hawezi kukaa na bendi aisikilize kwa makini, amfuate Hinton tu. Mara nyingi anafanya kidogo sana kwa mtu wa kiwango chake: anashika sauti moja, anairudia, anangoja. Hooker akirefusha mstari, besi inarefuka nao, akikata, inakatika. Hawakumfundisha Hooker kuhesabu. Walikubali, wao waliosoma, kuacha kuhesabu. Si nyimbo zote katika albamu hiyo zinafaulu sawa, na zile za haraka zinamwacha Hooker akiwa amebanwa kidogo, lakini zile za polepole zinathibitisha kwamba jambo linawezekana kwa kikundi kidogo chenye masikio.

Je, kwa kikundi kikubwa? Hapo jibu linatoka Kansas City, kwa Count Basie na mwimbaji wake Jimmy Rushing. Bendi ya Basie ilikuwa ya kuchezesha, na mapigo yake yalikuwa imara kuliko ya bendi karibu zote za wakati wake, Walter Page akiwa kwenye besi, Jo Jones kwenye ngoma na Freddie Green kwenye gitaa. Hata hivyo katika "Sent for You Yesterday" ya mwaka 1938 Rushing anaimba kwa uhuru kamili, akilitupa neno mbele au nyuma ya pigo apendavyo. Inawezekana kwa sababu tarumbeta na saksafoni nyuma yake hazipigi wimbo wa pili. Zinarudia kipande kifupi kimoja, tena na tena. Vipande hivyo wapigaji walivibuni pamoja mazoezini na kuvishika kichwani, mara nyingi bila karatasi. Funzo hili linanilazimu kuyasahihisha maneno ya wale wanaosema adui wa mwimbaji wa jadi ni pigo la kudumu. Siyo. Nanga yenyewe ina kipande kinachorudiwa na vidole chini ya maneno, na pigo lake ni la kudumu. Adui ni bendi inayojaza kila pengo na kukata mistari yote kwa urefu mmoja. Kipande kifupi kinachozunguka kinaweza kuzunguka mara tatu au mara tisa, hakijali. Wapiga tarumbeta wanne wakichukua mzunguko wa vidole vya mtambaji na kuurudia kwa sauti ya chini, mtambaji anaweza kutamba kwa muda autakao, na bendi nzima ikageuka baada ya yeye kutoa ishara.

Kwa nini basi bendi zetu, zilizojiita Jazz tangu Dar es Salaam Jazz ya mwaka 1932 hadi Morogoro Jazz, Western Jazz, Tabora Jazz na NUTA Jazz, hazikufanya hivi na watambaji? Sababu moja ni lugha. Redio Tanzania Dar es Salaam ndiyo iliyokuwa studio ya taifa, bendi ziliimba Kiswahili ili zieleweke kutoka Mtwara hadi Murongo, na nyimbo za lugha za makabila zikarekodiwa kwa njia nyingine, kama ngoma za asili, kwenye kanda zake tofauti. Taifa lilihitaji lugha moja na sioni sababu ya kuilaumu nia hiyo. Lakini matokeo yake ni kwamba mtambaji na mpiga saksafoni walirekodiwa na chombo kimoja cha serikali bila kukutanishwa. Sababu ya pili iko ndani ya muziki wenyewe. Muziki wa dansi ulipata suluhisho lake la ugomvi kati ya mwimbaji na ala: wimbo unaanza taratibu, maneno yanasikika, kisha inakuja chemko, ambapo magitaa na tarumbeta zinachukua uwanja na watu wanainuka. Mbaraka Mwinshehe aliufikisha mpango huu mahali pa juu sana, kwanza Morogoro Jazz, kisha Super Volcano, mpaka alipofariki kwa ajali mwezi Januari 1979. Ni mpango mzuri kwa ukumbi. Lakini unawatenganisha mwimbaji na ala kwa zamu, na kisa chenye mashujaa hakiwezi kumalizwa katika nusu ya kwanza ya wimbo wa dakika tano.

Aliyewahi kuvuka mpaka huu kwa ushindi alikuwa mwanamke wa Zanzibar. Bi Kidude, aliyelelewa na nyimbo za taarabu za zama za Siti binti Saad na ngoma za unyago, aliimba katika miaka ya 1990 na Shikamoo Jazz, bendi ya wazee waliopiga katika makundi ya zamani, akiwemo Salum Zahor wa Kiko Kids ya Tabora. Wale wazee hawakuwa na haraka ya kumwonyesha mtu ufundi wao. Sauti ya Bi Kidude, nene na yenye mikwaruzo, ilipasua neno katikati na kulishikilia mahali ambapo mwimbaji wa bendi asingethubutu, na wao wakazungusha gitaa na saksafoni zao mpaka alipomaliza. Sina mfano mwingine wa Afrika Mashariki unaokaribia zaidi Bessie Smith mbele ya koneti, na ni huzuni kwamba kazi yake na bendi ile ni kidogo kuliko ilivyostahili.

Kagera yenyewe ilisikika nchi nzima kwa njia tofauti. Mwaka 2001 Saida Karoli, mzaliwa wa mkoa huu, alitoa "Maria Salome", ambayo watu wengi waliijua zaidi kwa jina la "Chambua Kama Karanga", na watu wasiojua neno la Kihaya wakaimba naye. Mnyambo, mwenyeji wa Karagwe na Kyerwa, hakuhitaji mkalimani, Kihaya na Kinyambo ni ndugu wa karibu. Hapa mpinzani wangu ana hoja ya kweli: studio ilimpa Saida mdundo uliopangwa, vipande vya urefu ulio sawa na kiitikio kinachorudi kwa wakati wake, na matokeo yake yalipendwa kuliko nanga yoyote ilivyowahi kupendwa nje ya Kagera. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny waliurudisha wimbo huo kama "Salome", mdundo ukiwa mkali zaidi, na ukavuka mipaka ya Tanzania. Kwa nini basi kuhangaika na bendi inayomngojea mwimbaji? Kwa sababu Saida alikuja na wimbo, na wimbo una kiitikio. Unaweza kuukata vipande ukabaki na uzuri wake. Utambaji ni kazi ya namna nyingine. Ukilinganisha toleo la 2001 na la 2016 utaona kwamba kilichosalia ni kiitikio na mwendo wa sauti, na masimulizi yamepisha. Kwa wimbo wa mapenzi hasara hiyo inavumilika, pengine haionekani. Kwa kisa cha Rukiza, shujaa wa tenzi za nanga, ingekuwa sawa na kubakiza jina lake na kufuta maisha yake.

Namtaja Rukiza kwa sababu tunajua alivyotambwa. Profesa M. M. Mulokozi alizichunguza tenzi za nanga za Wahaya katika tasnifu yake ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ya mwaka 1986, na miaka kadhaa baadaye akaandika juu ya maisha ya Habibu Selemani, mtambaji mkubwa aliyefariki mwaka 1993, akimwita katika kichwa cha makala yake wa mwisho wa watambaji. Alichoonyesha Mulokozi, na ambacho kinaisaidia hoja yangu, ni kwamba mtambaji hakariri maandishi. Anautunga utenzi upya anapoupiga, akiurefusha au kuufupisha kwa kadiri ya waliokaa mbele yake. Santuri ya zama za Bessie Smith ilikuwa na nafasi ya dakika tatu kila upande, na bluzi ililazimika kujikunja humo. Faili la kompyuta halina upande wa pili. Sababu ya kiufundi ya kumkata mtambaji imekwisha kuondoka, imebaki mazoea.

Wapo wanaopinga kutoka upande mwingine kabisa: nanga iachwe, wasema, kila ala inayoongezwa ni uharibifu. Nawaheshimu, maana mara nyingi wamesema kweli walipoona ngoma ya asili ikifunikwa na kinanda cha harusi. Lakini nanga haijawahi kuishi katika chupa. Ilitoka kwenye baraza la mukama ikaenda penye pombe ya rubisi, ikatoka penye rubisi ikaenda redioni, na kila mahali ilipofika wasikilizaji walibadilika. Kutoiunganisha na kitu chochote hakutaihifadhi kama hakuna kijana anayeipakata. Na kijana wa Kyerwa anayepiga besi kanisani na mwenzake anayejifunza kuchambua nyuzi wanaweza kupata sababu ya kukaa chumba kimoja.

Gharama ni tatizo la kweli, kwa kuwa bendi ya watu 10 haipatikani Rubwera kila siku. Hii ndiyo sababu nasisitiza mpangilio wa kazi kuliko wingi wa ala. Katika studio ndogo kazi huanza na biti: prodyuza anaweka mdundo wa kompyuta, mwimbaji anavaa hedifoni na kuufuata. Kwa nanga igeuzwe. Mtambaji arekodiwe kwanza, sauti na nyuzi pamoja, bila mdundo wowote masikioni, mpaka amalize. Kisha mpiga besi akae na rekodi hiyo siku kadhaa, aijue kwa kichwa, ajue mistari mirefu iko wapi, ndipo apige. Baada yake ngoma, baada yake tarumbeta moja au tromboni, kwenye majibu tu. Inachukua muda zaidi, lakini haihitaji mashine yoyote ambayo studio za Kayanga hazina, na besi moja iliyosikiliza inafaa kuliko ala tisa zilizokuja na hesabu zao.

Na mkataba uandikwe kwa mpangilio huohuo. Columbia ilimlipa Bessie Smith kwa kila upande wa santuri uliokubaliwa, bila mgawo wa mauzo, katika miaka ambayo sauti yake ndiyo iliyokuwa ikiuza. Jina lake lilikuwa kubwa kwenye lebo, haki haikuwa yake. Mtambaji wa Karagwe anayekubali kurekodi na bendi aingie studio akiwa kiongozi wa kazi kwa maandishi: jina lake liwe la kwanza, utenzi usajiliwe COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kwa jina lake kama mtunzi wa toleo hilo, na mapato ya matumizi yote ya baadaye, hata ya kiitikio kitakachochukuliwa na msanii wa mjini, yawe na mgawo wake. Wapigaji walipwe vizuri kwa siku zao za kazi, pamoja na siku walizokaa wakisikiliza bila kupiga, kwa sababu kazi ngumu kuliko zote katika rekodi ya namna hii inafanyika siku hizo.